ARV za Wazungu, virusi vya kwetu?

Nimepotea kidogo, mambo ya kusaka mkate wa kila siku. Leo naomba mnivumilie, mada ni ndefu na ina mambo ya maabara ndani yake, ila nitajitahidi isigeuke kipindi cha baiolojia. Kama dakika zako za kafe zinakaribia kuisha, iprinti ukasome nyumbani.

Chanzo cha yote ni dogo mmoja wa mtaani kwetu, dereva wa bodaboda. Ana ngoma, analijua hilo, na yuko kwenye dawa mwaka wa nne sasa. (Nimemwomba ruhusa niandike, akasema andika ila jina usiweke.) Juzi usiku akanitumia ujumbe: "Kaka, kumbe hizi njugu zilitengenezwa kwa ajili ya virusi vya Wazungu. Vya kwetu ni vingine kabisa. Unalijua hilo?" Alikuwa ameipata kwenye kundi la WhatsApp, sauti ya dakika saba ya mtu anayejiita mtaalamu, na mwishoni kuna namba ya simu ya kuagizia dawa ya mizizi. Habari za namna hii hazikosi namba ya simu mwishoni, sijui kwa nini hatuzishtukii.

Nikamuuliza, wewe lakini unameza? Kimya. Baada ya robo saa: "Wiki ya tatu sijameza."

Usingizi ukaishia hapo.

Ningeweza kumjibu kwa mkato kwamba ule ni uzushi. Tatizo ni kwamba si uzushi mtupu. Nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ya kweli ndiyo iliyoibeba ile nusu ya uongo mpaka ikamfikia dogo. Ukimwambia mtu "uongo huo" halafu akaingia mtandaoni akakuta wanasayansi wenyewe wanaandika kuhusu virusi vya aina A, C na D, hatakuamini tena kwa lolote. Kwa hiyo nikakaa chini nikaanza kuchimba. Mimi si daktari, nasema mapema.

Tuanze na nusu ya kweli.

VVU si kitu kimoja. Kuna HIV-1 na HIV-2. HIV-2 imebaki zaidi Afrika Magharibi, kule Guinea-Bissau, Senegal na majirani zao. HIV-1 ndiyo iliyosambaa dunia nzima, nayo ina makundi manne: M, N, O na P. Kundi M ndilo lililobeba karibu maambukizi yote unayoyasikia, na ndani yake kuna matawi yanayoitwa kwa herufi: A, B, C, D, F, G na kuendelea. Mimi nitayaita koo, maana ndivyo yalivyo: babu mmoja, wajukuu wametawanyika. Halafu kuna machotara, pale koo mbili zinapokutana ndani ya mwili wa mtu mmoja zikabadilishana vipande.

Sasa angalia mgawanyo. Ukoo C peke yake unabeba karibu nusu ya maambukizi yote duniani, na makao yake makubwa ni kusini mwa Afrika, Ethiopia na India. Ukoo B, ambao ndio mkubwa Ulaya Magharibi na Marekani, ni kama asilimia 12 tu ya dunia. Huku kwetu Kenya na Rwanda ni A zaidi, Uganda ni A na D, Burundi ni C. Tanzania tumekaa njia panda: tuna A, tuna C, tuna D, na machotara kibao. Utafiti uliofanyika Mbeya miaka ya 2000 kwa akina dada wanaohudumu kwenye baa uliwakuta wengi wana virusi chotara. Ukiifikiria Mbeya ilivyokaa huwezi kushangaa, barabara kuu ya kwenda Zambia inapita pale, malori yanalala pale, na ng'ambo ya mpaka wa Zambia na Malawi ni nchi ya ukoo C.

Na dawa je? Dawa nyingi za mwanzo zilijaribiwa wapi? Marekani na Ulaya. AZT iliidhinishwa Marekani mwaka 1987. Wagonjwa waliojaribiwa dawa zile za awali walikuwa wengi wao na ukoo B, maana ndio uliokuwa kwao. Kwa hiyo yule jamaa wa sauti ya WhatsApp hapa hajadanganya. Kwa miaka mingi dunia ilijua zaidi kuhusu asilimia 12 kuliko kuhusu asilimia 88 zilizobaki, na hilo mimi linaniudhi mpaka leo.

Ila kuna jambo hakulisema, na sijui kama analijua. Hao "virusi vya Wazungu" ni watoto wa Kinshasa. Mwaka 2014 watafiti walichapisha kazi iliyofuatilia vinasaba vya kirusi kurudi nyuma, wakafika Kinshasa kwenye miaka ya 1920, wakati huo mji ukiitwa Léopoldville na Mbelgiji akitawala. Ndipo kundi M lilipoanza kusambaa. Reli za mkoloni zikakipeleka kirusi kusini na mashariki, kwenye miji ya migodi kama Lubumbashi. Ukoo B ulitoka Congo ukafika Haiti miaka ya 1960, wakati Wahaiti wengi waliokuwa wanafanya kazi Congo wakirudi kwao, na kutoka Haiti ukaingia Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Virusi vya Kagera na virusi vya New York ni ndugu, babu yao mmoja, wamepishana njia tu.

Hapo ndipo kwenye jibu la swali la dogo. Ndugu hawa wanatofautiana zaidi kwenye koti la nje la kirusi, na hiyo ni sababu mojawapo chanjo imesumbua miaka yote hii. ARV nyingi hazipigi kwenye koti. Zinapiga ndani, kwenye vimeng'enya ambavyo kirusi kinavitumia kujinakili na kujipachika kwenye chembe zako. Huko ndani koo zinafanana zaidi, kwa sababu kirusi kikivibadilisha sana vifaa hivyo kinashindwa kuzaliana. Ndiyo maana dawa iliyotengenezwa kwa kuangalia ukoo B inaupiga ukoo C, A na D pia. Kama isingekuwa hivyo, wale mamilioni walioanza kumeza Afrika kuanzia miaka ya 2003 na 2004 wasingeinuka vitandani. Na waliinuka, tuliwaona. Hapa Tanzania dawa za bure zilianza kutolewa Oktoba 2004. Kila mtaa una mtu aliyekuwa anasubiriwa kuzikwa, leo anasomesha.

Lakini "inafanya kazi" na "inafanya kazi sawasawa kwa wote" ni vitu viwili tofauti. Hapa ndipo utamu na uchungu wa mada ulipo.

Kwanza HIV-2. Kidonge cha nevirapini au efavirenzi hakifanyi chochote kwa HIV-2, ni kama kumeza chaki. Kundi O, lililoko zaidi Cameroon, nalo mara nyingi linazaliwa na kinga dhidi ya dawa za familia hiyo hiyo. Kwa mtu wa Bissau au Yaoundé, kujua ana virusi gani kulikuwa suala la kufa na kupona. Kwetu Afrika Mashariki HIV-2 ni nadra, tuiache.

Pili ni kisa chetu wenyewe, nacho kimenikaa kichwani wiki nzima. Mwaka 1999 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika hospitali ya Mulago, Kampala. Mama mwenye VVU anapewa kidonge kimoja tu cha nevirapini uchungu ukianza, mtoto anapewa matone ndani ya siku tatu. Ukilinganisha na AZT ya muda mfupi, maambukizi kwa watoto yakashuka kwa karibu nusu. Kidonge kimoja! Bei yake ndogo, hakihitaji friji wala daktari bingwa. Afrika nzima ikakidaka, nasi tukiwemo, na watoto wengi waliokoka. Sisemi kingine hapo.

Kisha watafiti wakarudi kuwapima wale akina mama wiki 6 hadi 8 baada ya kujifungua, kuona kama virusi vyao vimeota usugu. Wenye ukoo A, kama 19 kati ya 100 walikuwa na usugu wa nevirapini. Wenye ukoo D, 36 kati ya 100. Kwa Malawi, ambako ni ukoo C, walikuwa 69 kati ya 100. Soma tena hizo namba. Kidonge kile kile, dozi ile ile, na tofauti ni zaidi ya mara tatu.

Kwa nini usugu uje kwa kidonge kimoja? Nevirapini haitoki mwilini haraka, inabaki kwenye damu kwa kiwango kidogo siku nyingi, hata wiki mbili na zaidi. Kiwango hicho hakitoshi kuua virusi vyote ila kinatosha kuvifundisha. Kirusi kinajinakili kwa mabilioni kila siku na kinakosea herufi mara kwa mara, kwa hiyo kila siku kuna makosa mapya. Kosa moja likitokea kumsaidia mwenyewe kuikwepa dawa, huyo ndiye anayebaki na kuzaa.

Na nevirapini hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ndani ya kidonge cha kwanza cha matibabu ya nchi nyingi za Afrika wakati ule. Mama anamkinga mtoto leo, kesho akiugua anapewa dawa ambayo virusi vyake vimeshaizoea. Utafiti wa Botswana uliochapishwa 2007 ulionyesha kwamba akina mama walioanza matibabu yenye nevirapini ndani ya miezi 6 tangu kile kidonge kimoja, dawa iliwashinda wengi wao kuliko wenzao ambao hawakupewa. Waliosubiri zaidi ya miezi 6 hawakuonyesha tofauti hiyo. Baadaye mpango ukabadilika. Malawi ndiyo iliyoongoza mwaka 2011 kwa kuamua kila mama mjamzito mwenye VVU aanze dawa kamili na asiache tena, na nchi nyingine zikafuata.

Huwa najiuliza, kama ukoo C ungekuwa ndio ulioko Paris na San Francisco, namba ile ya 69 ingejulikana kabla ya kidonge kusambazwa au baada? Nauliza tu.

Kisa cha tatu ni tenofoviri, ambayo mpaka leo imo kwenye kidonge cha wengi wenu mnaosoma hapa. Kuna badiliko la vinasaba linaitwa K65R ambalo linaipunguzia nguvu. Watafiti wa chuo kikuu cha McGill, Montreal, waligundua maabara kwamba ukoo C unalipata badiliko hili haraka kuliko ukoo B. Sababu yake ni ya ajabu kidogo. Jirani na sehemu hiyo, maandishi ya vinasaba vya ukoo C yana herufi A zilizofuatana kwa namna inayofanya kile kimeng'enya cha kunakili kiteleze, kama fundi wa kuchapa anayeandika "aaaa" akapoteza hesabu. Watafiti hao hao ndio walioonyesha pia kwamba kwa efavirenzi ukoo C una njia yake ya mkato: badiliko fulani linahitaji kosa la herufi moja tu, wakati ukoo B unahitaji makosa mawili kufika pale pale.

Sasa hapo mtu anaweza kuruka na kusema basi tenofoviri haitufai. Taratibu. Mwaka 2016 ulitoka utafiti mkubwa wa wagonjwa 1,926 kutoka nchi 36, wote dawa zenye tenofoviri zimewashinda. Ulaya, waliokuwa na usugu wa tenofoviri walikuwa asilimia 20. Afrika kusini mwa Sahara, asilimia 57. Ukiangalia juu juu utasema ni ukoo C huo. Lakini tazama huduma zilivyotofautiana. Mgonjwa wa Ulaya alikuwa anapimwa wingi wa virusi kila baada ya miezi michache, dawa ikianza kuteleza anajulikana mapema, anabadilishiwa. Mgonjwa wa huku wakati ule alikuwa anaendelea kumeza dawa iliyokufa kwa mwaka, miaka miwili, mpaka aanze kukonda, na muda wote huo virusi vinajifunza. Ukoo ulichangia. Kuchelewa kupima, kwa maoni yangu, kulichangia zaidi.

Wenzetu wa Ulaya, kabla mtu hajaanza dawa, damu yake inasomwa vinasaba vya virusi, halafu daktari anachagua dawa kulingana na alichokiona. Sisi tulipewa njia nyingine: kidonge kimoja kwa wote, muuguzi anaweza kukitoa, zahanati inaweza kukitunza. Wapo wanaouita huo ni ubaguzi. Mimi nilikuwa miongoni mwao mpaka nilipopiga hesabu. Kwa fedha zilizokuwepo, ungewasomea vinasaba watu laki moja au ungewapa dawa mamilioni. Waliochagua mamilioni hawakukosea. Ila mpango wa kidonge kimoja kwa wote unadai kitu kimoja kwa ukali: kwamba baada ya kumpa mtu dawa, umpime kama inafanya kazi.

Basi tufike kwenye kidonge cha sasa. Kile ambacho wengi mnakiita TLD, yaani tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri ndani ya kidonge kimoja kwa siku. Mwaka 2017 yalifikiwa makubaliano ya kukiuza kwa nchi kama zetu kwa kama dola 75 kwa mtu kwa mwaka. Julai 2019 Shirika la Afya Duniani likasema dolutegraviri iwe chaguo la kwanza kwa wanaoanza dawa na pia kwa wale ambao dawa za mwanzo zimewashinda. Tanzania ilianza kukisambaza mwaka huo huo.

Kuhusu kidonge hiki swali la dogo lina jibu zuri. Kwanza hakikujaribiwa kwa Wazungu peke yao. Kilijaribiwa Cameroon, nchi yenye mchanganyiko wa koo kuliko karibu nchi yoyote, na kikajaribiwa Afrika Kusini kwenye ukoo C. Halafu kuna jaribio la Uganda, Kenya na Zimbabwe lililochapishwa 2021. Walichukuliwa wagonjwa 464 ambao dawa za kwanza zilikuwa zimewashinda, na karibu nusu walikuwa tayari wana ile K65R. Kwa hesabu za makaratasi, tenofoviri kwao ilikuwa imekwisha. Baadhi yao wakapewa dolutegraviri, na baadhi wakabakishiwa tenofoviri ile ile. Baada ya wiki 48, kama 9 kati ya 10 waliokuwa kwenye dolutegraviri virusi vilikuwa vimefubaa, na waliobaki na tenofoviri walifanya vizuri sawa na waliobadilishiwa kwenda AZT. Matokeo hayo yametoka kwa damu ya Waganda, Wakenya na Wazimbabwe. Yule jamaa wa sauti ya WhatsApp hayajui.

Kwa nini dolutegraviri ni ngumu kuikwepa? Inakamata kimeng'enya cha integrasi kwa nguvu na haikiachii haraka. Kosa moja la herufi kwa kawaida halitoshi kuitoa. Nevirapini ilikuwa mlango wa komeo moja.

Ila tusilale. Machi 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti ya usugu. Kwenye tafiti walizozikusanya, usugu wa dolutegraviri ulikuwa kati ya asilimia 3.9 na 8.6, na ulifika asilimia 19.6 kwa watu waliohamishiwa kwenye dolutegraviri wakati virusi vyao viko juu. Hao wa mwisho ndio wa kuangalia. Wengi walihamishwa kutoka dawa za zamani kwenda TLD kwa mkupuo, bila mtu kuangalia kwanza kama dawa za zamani zilikuwa bado zinafanya kazi.

Na sasa linakuja suala jipya kabisa, la sindano, ambalo linaturudisha kwenye koo moja kwa moja. Julai 2025, kwenye mkutano wa kimataifa wa UKIMWI uliofanyika Kigali, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sindano za kabotegraviri na rilpivirini ziweze kutumika kwa watu ambao virusi vyao vimeshafubaa kwa vidonge. Badala ya kumeza kila siku, unachomwa kila baada ya miezi miwili. (Msichanganye na sindano ya lenakapaviri, iliyopendekezwa hapo hapo Kigali. Ile ni ya kumkinga asiye na virusi, inachomwa kila miezi 6.)

Vijana wengi wataipenda. Hakuna kopo la kuficha chini ya godoro, hakuna mwenzako wa geto kuuliza "hivi ni vidonge vya nini". Lakini kwenye majaribio ya mwanzo, yaliyofanyika zaidi nchi tajiri na Urusi, waligundua kwamba waliokuwa kwenye hatari zaidi ya sindano kuwashinda ni wale waliokuwa na angalau mambo mawili kati ya matatu: uzito mkubwa, usugu wa zamani wa rilpivirini uliojificha, na ukoo A. Hasa tawi la A6 la Urusi, ila na letu la A1 likawekwa kwenye kapu la mashaka. Na nani ana A1? Mkenya, Mganda, Mnyarwanda, na sisi wa kanda ya ziwa. Na rilpivirini ni ndugu wa nevirapini, kwa hiyo ule usugu ulioachwa na nevirapini miaka ile unaweza kuwa bado umelala kwenye miili ya watu unaisubiri.

Safari hii angalau hatukusubiri kuambiwa. Jaribio likafanyika Uganda, Kenya na Afrika Kusini kwa watu 512, zaidi ya nusu yao wakiwa na ukoo A1, na matokeo ya mwaka wa kwanza yakatolewa 2024. Waliochomwa sindano na waliobaki na vidonge walikaribia kulingana, takriban 97 kati ya 100 kila upande virusi vimefubaa. Nafurahi. Lakini hao walikuwa ndani ya utafiti, wanafuatwa, wanakumbushwa, sindano haichelewi. Rilpivirini ya sindano inataka friji. Jozi hiyo haitibu homa ya ini aina ya B, wakati tenofoviri iliyo ndani ya TLD inaitibu pia, na homa ya ini B huku kwetu si ngeni. Na mtu akikosa sindano, dawa haiishi mwilini ghafla, inashuka polepole kwa miezi, kama ile nevirapini ya Mulago ilivyoshuka kwa wiki. Kiwango cha kufundisha virusi. Ikija wilayani kwenu, waulizeni: akipotea mtu miezi minne, nani atamfuata?

Kipimo ndicho kitu ambacho kila njia kwenye mada hii inarudi kwake. Kuna cha wingi wa virusi, ambacho kinakuambia kama dawa inafanya kazi, na kuna cha usugu, kinachosoma vinasaba vya virusi vyako kukuambia ni dawa ipi imekufa. Cha pili ni ghali na maabara zake ni chache, hupewi mpaka dawa za nguvu ziwe zimekushinda. Cha kwanza kiko CTC, ni bure, na ndicho haki yako hata kama hujui una A au C. Asilimia kubwa ya vipimo na usafiri wa sampuli katika nchi zetu ililipwa na fedha za Wamarekani, mpango wao wa tangu 2003. Januari 2025 serikali mpya ya huko ilisimamisha misaada ya nje, na ingawa dawa zenyewe ziliruhusiwa kuendelea baada ya siku chache, sehemu nyingi wahudumu waliokuwa wakifuatilia wagonjwa walipoteza kazi. Kidonge kikikosekana kila mtu anapiga kelele. Majibu ya kipimo yakichelewa miezi mitatu hakuna anayeandamana.

Serikali nayo ina lake. Tafiti za usugu zinafanyika, damu inatolewa na Watanzania, matokeo yanachapishwa kwa Kiingereza kwenye majarida ambayo dogo hawezi kuyasoma, na hata mimi mengine yananitaka nilipe kwa dola. Nafasi hiyo tupu ndiyo inayojazwa na sauti ya dakika saba. Mwaka 2011 tuliona Loliondo jinsi kikombe cha shilingi 500 kilivyokusanya magari kilomita kwa kilomita, na wapo walioacha ARV kwa ajili yake. Hawakuwa wajinga, hawakuwa na mtu wa kuwaeleza.

Turudi kwa dogo. Nilimweleza haya kwa mdomo, kwa kifupi, tumekaa juu ya pikipiki yake kijiweni. Alichonyamaza nacho muda mrefu kilikuwa ni ile habari ya Kinshasa. "Kwa hiyo virusi vya Wazungu ni vya Kongo?" Nikamwambia ndiyo. Akacheka. Halafu akauliza swali la maana kuliko yangu yote: "Sasa hizi wiki tatu, nimeshavifundisha?"

Nikamwambia sijui, na hakuna anayeweza kujua bila kupima. Asubuhi yake tukaenda wote CTC. Nilitegemea atafokewa, maana tunazijua baadhi ya kliniki zetu. Dada aliyetupokea hakufoka, aliandika tu, akamuuliza nani alimwambia aache, akamrudishia dawa siku ile ile. Akamweleza kwamba atakuwa na vikao vya ushauri wa ufuasi, ameze bila kuruka kwa miezi mitatu, ndipo damu ichukuliwe kupima wingi wa virusi. Vikiwa chini, anaendelea na TLD yake. Vikibaki juu, ndipo mambo ya kipimo cha usugu yataanza kuzungumzwa. Na mpaka hapo, mpenzi wake ajue na kinga itumike, kwa sababu ile habari ya kwamba asiyeonekana na virusi kwenye kipimo haambukizi kwa ngono, inamhusu aliyepima akaona.

Leo ni siku ya 11 tangu arudi kwenye dawa. Ananitumia alama ya dole kila usiku saa tatu akishameza.

Wadau mlioko mikoani, hasa Mbeya, Njombe, Bukoba na Mwanza, na ndugu zetu wa Kisumu, Kampala na Bujumbura: kwenu majibu ya wingi wa virusi yanachukua siku ngapi tangu damu itolewe? Andikeni hapo chini, jina si lazima. Nataka nizipange hizo siku, wilaya kwa wilaya.

Nawasilisha.